Umesikia sauti usiku kihambani? Jinsi ya kuchunguza mwenyewe kabla hujasema ni jini

Meseji zinazoingia kwenye simu yangu zinafanana. "Kaka kuna kitu kinalia juu ya mti, kinalia kama mtu anakabwa, ni nini?" Inatoka Kibosho, kesho yake Uru, wiki ijayo Marangu au Ngaramtoni, na ukimuuliza kimelia saa ngapi hajui, kimelia mara ngapi hajui, kilikuwa kwenye mti gani hajui, ila jina tayari analo, mwanga (mchawi wa usiku) au jini. Nimeandika maelezo hayo hayo mara nyingi mpaka nimeona niyaweke sehemu moja.

Mi niko Moshi, hii kazi naifanya jioni na wikendi kwa pesa yangu, hamna aliyeniajiri. Nachofuatilia ni wanyama wetu wa usiku na yale mambo ambayo watu wanayaona alafu wanakosa maelezo. Na nayachukulia kwa uzito yote mawili, kwa sababu historia ya mlima huu huu wa Kilimanjaro inatufundisha. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta chui amekufa ameganda kwenye barafu ukingoni mwa kreta ya kilele cha Kibo, mahali ambapo chui hana cha kula, na mpaka leo hamna ajuaye alifuata nini kule. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger aliona mbwa mwitu watano karibu na kilele, juu ya mita 5,800. Ungesimuliwa na mtu kilabuni usingeamini. Tunayaamini kwa sababu waliandika siku, mahali na walichokiona.

Na kipunji je? Wawindaji wa Kinyakyusa kule Rungwe walikuwa wanamtaja nyani huyo miaka yote, wageni wakadhani ni hadithi tu. Watafiti wakamfuata kwa makini, 2003 wakamwona, 2005 akatangazwa duniani, na 2006 ikaonekana hata jenasi yake ni ya peke yake. Kwa iyo bibi yako akikwambia kuna mnyama fulani korongoni, usimcheke, kaa chini uandike.

Sheria yangu moja tu: ANDIKA KWANZA, JINA BAADAYE. Jina likitangulia macho na masikio yanaanza kulifuata hilo jina.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo lenye jalada gumu na penseli. Peni ya wino ikilowa umande maandishi yanayeyuka.
- Simu yoyote yenye kamera na kinasa sauti, chaji imejaa, pamoja na pawabenki.
- Tochi ya kichwani, na kipande cha nailoni nyekundu cha kufunika mwanga.
- Gambuti. Sio za urembo, nyoka kifutu analala njiani na hakimbii ukija.
- Rula au futikamba. Ukikosa weka kiberiti kama kipimo.
- Unga wa gipsam, ule mafundi wanaotengenezea dari, kilo mbili zinatosha kwa kuanzia, na chupa ya maji ya plastiki uliyoikata ukapata pete.
- Mwenzako mmoja. Usiku usiende peke yako, hii naomba usiilete kwenye mjadala.

Kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, ni nzuri lakini sio lazima. Mi nilianza bila hiyo, na kazi zangu nzuri za mwanzo zote ni za daftari na simu.

HATUA ZENYEWE

1. Omba ruhusa, jua mpaka uko wapi

Anza na mwenye kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba), alafu mwenyekiti wa kitongoji au balozi ajue kuna watu watakuwa na tochi usiku. Ukikutwa saa nane usiku kwenye migomba ya mtu na hamna anayekujua, maelezo yako hayatasikilizwa. Ukiona masale yamepandwa mstari huo ni mpaka, usiuvuke bila kuulizia, na usifunge kamera karibu na makaburi ya ukoo hata kama unyayo umeelekea huko.

Msitu wa juu wote tangu 2005 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Huko huingii kwa kujisikia. Ukitaka kufanya utafiti rasmi ndani ya hifadhi kuna vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na TAWIRI makao yake makuu yako Arusha. Mwongozo huu ni wa nje ya mpaka, kihambani, mtoni, shambani na mtaani.

2. Muulize aliyeona, bila kumpa majibu

Hapa ndo watu wanaharibu kuliko sehemu zote. Unafika kwa mzee unasema "Shikamoo babu, eti mmesikia perere huku?" (Perere ni mnyama mdogo wa mitini, utamkuta hatua ya 4.) Tayari umeshamlisha jibu. Atasema ndio, kwa heshima tu ya mgeni.

Salimia, kaa, kunywa ulichopewa, alafu sema: "Babu nieleze siku ile kuanzia ulipotoka nje." Nyamaza. Aeleze mpaka mwisho hata akizunguka, we andika maneno yake kama anavyoyasema, na jina la Kichagga au Kimeru au Kimaasai akilitaja liandike vilevile. Akimaliza ndo uulize: ulikuwa umesimama wapi? Sauti ilitoka juu au chini? Mbwa walifanyaje? Kulikuwa na mwezi? Ilirudiwa mara ngapi, ikakatika au ilipungua taratibu? Muombe aiigize. Usione aibu na usimcheke, wazee wengi wanaigiza sauti vizuri mno, na ukimrekodi (kwa idhini yake) una kitu cha kulinganisha baadaye.

Waulize watu wawili watatu, kila mmoja peke yake. Ukiwakusanya pamoja unapata hadithi moja ya yule mwenye sauti kubwa.

3. Andika saa, na andika saa ya aina gani

Bibi akisema "saa tisa" ni saa tisa usiku wetu. Simu na kamera zinaandika 03:00. Nimeshaletewa daftari la kijana mmoja, kazi ya wiki tatu, humo kaandika "saa 3" siku nyingine kwa maana ya saa tatu usiku na siku nyingine amenakili kutoka kwenye kamera, na hamna namna ya kuzitenganisha tena. Kazi yote ikaenda. We chagua moja, mi naandika zote mbili: "saa tisa usiku / 03:00".

Kila ingizo liwe na: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, mwezi ukoje, nani yupo, ulichosikia au kuona. Mstari wa mwisho ndo wa maoni yako, uandike "nadhani", usiuchanganye na vya juu.

4. Sauti

Simu weka kwenye hali ya ndege, kinasa sauti chagua ubora wa juu kabisa, na kama kina sehemu ya kupunguza kelele izime, maana inakula sauti ya mnyama ikidhani ndo kelele. Taja kwa sauti tarehe, saa na mahali, alafu nyamaza. Usitembee, usimnong'oneze mwenzako. Iweke simu juu ya jiwe au kisiki, ukiishika mkononi unarekodi vidole vyako.

Nikueleze usiku mmoja ujue unachokitafuta. Tulikuwa juu ya Uru kwenye kihamba chenye miti mikubwa ya zamani kando ya korongo, baridi kali, mwezi umefunikwa. Kama saa tatu kasoro ikaanza kama bawaba ya mlango wenye kutu, kriii, kriii, polepole, kila moja ndefu kuliko ya kabla yake, ikapanda ikapanda mpaka ikawa ukelele wa mtu anayenyongwa, alafu kimya. Mwenzangu alinishika mkono. Dakika moja haijaisha ng'ambo ya korongo wa pili akajibu vilevile. Asubuhi tukarudi kwenye ule mti, chini ya shina kuna lundo la mavi madogo ya duara, mapya juu ya makavu, na juu kuna tundu. Huyo ni perere, wengine wanamwita pelele, ukubwa kama wa sungura, hana mkia, manyoya mazito ya kahawia na baka la rangi nyepesi mgongoni, na ndugu zake wa karibu ni tembo. Mnyama wa kilo mbili mpaka nne ndo anaamsha kijiji kizima.

Zile nyingine zinazoletwa kwangu mara nyingi:

Analia kama mtoto mchanga, na anaruka mti hadi mti: mmulike kidogo, macho yakirudisha mwanga wa rangi ya chungwa ni komba. Ngurumo nzito alfajiri kabla ya jua, kama pikipiki inayokataa kuwaka, alafu kundi la pili linaitikia mbali: mbega. Mkwaruzo mkali au mlio kama wa hewa inayotoka kwenye tairi, juu ya dari au mnara wa kanisa: bundi mwenye uso mweupe.

Na usimpigie mnyama sauti yake kwenye spika mara kwa mara ili ajibu. Anadhani mwenzake ameingia eneo lake, anaacha kula anahangaika, na we unarekodi fujo uliyoileta mwenyewe.

5. Nyayo, mavi na masalia

Sehemu nzuri kuliko zote kwa huku kwetu ni kingo za mfongo, ule mfereji wa maji wa Kichagga. Maji yakishafungwa tope linabaki laini, na wanyama wote wanapita hapo. Nenda asubuhi saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa chini vivuli vinaonyesha kila kitu.

Weka rula pembeni ya unyayo, piga picha ukiwa juu yake wima kabisa, sio kwa pembeni. Piga mmoja mmoja alafu mstari mzima wa mwendo wake. Angalia kucha. Mbwa, fisi na fungo wanaacha alama za kucha, jamii ya paka hawaachi kwa kawaida. Unyayo wa paka ni wa duara na nyuma ya kitako chake kuna vivimbe vitatu, wa mbwa ni mrefu kidogo. Wa paka wa nyumbani ni kama sentimita tatu, wa chui saba mpaka kumi. Fisi mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Nyegere ana kucha ndefu sana mbele, zinaandika mbali na vidole.

TAHADHARI: unyayo kwenye tope unatanuka. Mnyama akiteleza, au mvua ikidondokea, au tope likikauka kingo zikabomoka, mbwa wa jirani anakuwa simba. Pima upana wa sakafu ya unyayo, sio mdomo wake.

Kuchukua nakala: zungushia ile pete ya chupa, koroga gipsam mbili kwa maji moja iwe kama uji mzito, mimina pembeni ijitiririkie yenyewe, ukimwaga katikati unaharibu. Subiri saa nzima, huku juu kuna unyevu. Inyanyue pamoja na tope lake, tope lisafishe kesho yake.

Mavi: yapime, yapige picha, usiyashike kwa mkono mtupu. Meupe kama chokaa ni ya fisi kwa sababu ya mifupa anayokula. Lundo kubwa sehemu ile ile lenye mbegu za matunda mara nyingi ni fungo.

Na masalia ya bundi. Hapa nina uchungu nao. Mtaani kwetu kuna bundi alipigwa mawe juu ya dari akafa, wakisema ametumwa, kulikuwa na mgonjwa nyumba ile. Kesho yake niliomba kuingia nikaokota chini ya ile dari yale madonge anayotapika, meusi, marefu kama kidole gumba. Nikayaloweka matatu kwenye maji ya uvuguvugu, nikayafungua kwa sindano mbili juu ya karatasi nyeupe. Mafuvu saba ya panya. Na meno yale ya rangi ya chungwa bado yamo. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa analalamika panya wanamaliza mahindi ghalani, akakaa kimya muda mrefu alafu akaniuliza kama kuna mwingine anaweza kuja. Hiyo karatasi yenye mafuvu ilifanya kazi ambayo maneno yangu ya miaka hayakuifanya.

6. Kamera ya mtego, kama unayo

Ifunge usawa wa goti, mita tatu mpaka nne kutoka njia ya mnyama, ielekee kaskazini au kusini. Ikielekea mashariki au magharibi jua litakupa picha mia za weupe mtupu. Kata majani yote mbele yake, hasa jani la mgomba, likipeperuka tu kadi imejaa. Weka ipige picha tatu kila inapoamka. Kagua tarehe na saa kabla hujaondoka! Alafu pita mbele yake mwenyewe ukitambaa, uone kama imekunasa. Iache wiki mbili bila kuigusa, kila ukienda kuichungulia unaacha harufu.

7. Taa angani au mlimani

Simama mahali pamoja, linganisha taa na ukingo wa paa au nguzo, hesabu dakika kumi. Imeshuka kidogo kidogo magharibi baada ya jua kuzama: karibu kila mara ni Zuhura, fungua programu ya nyota ya Stellarium kwenye simu uielekeze pale. Mstari wa taa nyingi zikifuatana kama treni kimya kimya: satelaiti za Starlink, zinaonekana hivyo siku chache baada ya kurushwa, zimeanza 2019. Vitone vidogo vinavyopanda taratibu juu ya Kibo kuanzia saa sita usiku: tafuta darubini, wapandaji wanaanza safari ya kileleni muda huo wakiwa na taa kichwani. Mwanga mwekundu unaotanuka: ni moto, usiandike daftari, piga simu kwanza kwa hifadhi au kijiji, mnakumbuka moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020.

8. Sasa ndo utafute jina

Andika majina matatu yanayowezekana, sio moja. Mbele ya kila jina andika kinacholiunga mkono na kinacholikataa. Nenda jumba la makumbusho ya historia asilia pale Boma Arusha ukaangalie wanyama kwa macho. Picha na sauti pandisha iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe, ni bure, watu wanaojua watakusaidia, na wanyama walio hatarini inawafichia mahali halisi yenyewe. Kwa mambo mengine ficha mwenyewe. Ukimwona kakakuona usimtangaze kokote pamoja na jina la kijiji, majangili nao wanasoma.

Ukimtumia mtu picha au sauti WhatsApp itume kama dokumenti. Picha ukiituma kawaida inabanwa, na tarehe na mahali vinafutika. Ya asili usiifute kamwe.

Ukikwama

*Nimekaa usiku tano sijasikia kitu.* Ni kawaida. Rudi kwenye daftari la mashahidi uangalie saa na mwezi. Mvua na upepo mkali vinanyamazisha wengi.

*Rekodi ina kelele tupu.* Mara nyingi ni mto au jenereta. Sogea upande wa pili wa kilima, hata mita hamsini zinabadilisha.

*Mbuzi au kuku wanaliwa, ni nini?* Usisogeze mzoga kabla ya picha. Matundu ya meno kooni na alama za kuburutwa, fikiria chui. Mapaja na matako yamechanwachanwa ovyo, mara nyingi ni mbwa wa mtaani. Hamna kilichobaki hata mifupa, fisi. Banda limebomolewa kwa nguvu, nyegere. Kuku mmoja kapotea na banda zima halina shida, kanu, mnyama mdogo mwembamba jamii ya fungo. Kama ni chui au fisi mpigie afisa wanyamapori wa wilaya, na msiweke sumu kwenye mzoga, inaua mbwa wenu na tai pia, na ni kosa kisheria.

*Mnyama hakimbii, anakaribia watu mchana.* Usimsogelee, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Popo pia usimshike. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, asingoje dalili.

*Wananiambia naingilia mambo ya wazee.* Simama hapo hapo. Rudi mchana na mtu wa ukoo huo, eleza unachofanya, waonyeshe daftari. Wakikataa, umekataliwa.

*Nimefanya yote na bado sijui ni nini.* Andika "haijatambuliwa" na uhifadhi. Mi nina sauti moja ya Uru, mapigo mawili mazito kama mtu anagonga ngoma iliyolowa, nimeinasa mara tatu, zote mwezi wa sita, zote kati ya saa nane na saa tisa usiku. Sio perere, sio bundi ninayemjua, mbwa wa pale hawabweki ikilia, wanaingia ndani. Juni nitakuwa pale tena, nimeshaomba ruhusa.